BWANA HARRISON NA TONE LAKE

Mwaka jana mwalimu wetu alitufundisha kutazama vidudu vya bwawani katika tone la maji linaloning'inia chini ya kioo. Langu lilianguka mara tatu, wenzangu wakanicheka. Ndipo nikamtafuta vitabuni mtu aliyelifanya tone la namna hiyo kuwa shamba la chembe za mwili.

Ross Granville Harrison alizaliwa mwaka 1870 Germantown, Philadelphia, katika Marekani. Alisoma Johns Hopkins huko Baltimore, kisha akapata udaktari Bonn, Ujerumani.

Siku zile wataalamu walikuwa na ugomvi mkubwa. Wengine walisema kila uzi wa fahamu huota kutoka chembe moja, kama mzizi utokavyo katika mbegu. Wengine walisema nyuzi hufanyika papo hapo kutokana na vitu vilivyoko njiani. Wote walitazama nyama iliyokufa, kwa hiyo hakuna aliyeshinda. Mwaka 1907 Harrison alikata kipande cha mimba changa ya chura, mahali unapoanzia uti wa mgongo, akakitia katika tone la limfu, yaani maji ya mwilini mwa chura. Akalipindua juu ya kioo chenye kishimo, akaziba kandokando kwa nta, akangoja. Mbele ya macho yake uzi ukatoka katika chembe, ukarefuka.

Mimi napenda zaidi kazi yake ya mwaka 1914. Alitumia utando wa buibui, akaona chembe zikitambaa juu ya nyuzi zake. Kumbe chembe hutaka kitu cha kushika!

Mwaka 1917 alipendekezwa kwa tuzo ya Nobel, lakini mwaka ule tuzo ya uganga haikutolewa kwa mtu yeyote. Hakuipata hata baadaye, nami naona alidhulumiwa. Alifundisha Yale mpaka 1938, akafa mwaka 1959.

Leo wapimaji wa dawa za kansa hulitumia tone hilo. Katika chombo bapa chembe za kansa hujitandaza kama mkeka, na dawa huzifikia zote. Katika tone hazina sakafu. Huzama mpaka ncha ya chini, zikashikana kuwa donge. Zile za katikati hupungukiwa hewa na chakula, kama katika uvimbe wa kweli, na mara nyingi dawa iliyoua mkeka hushindwa na donge.

Bibi yangu mzaa mama alikufa kwa uvimbe wa titi. Dawa zilisifiwa sana, nami sikufahamu zilishindwaje. Sasa nafahamu kidogo.

Muhula huu nililijaribu tone tena. Halikuanguka.