Ibn Sina: Tabibu Aliyeweka Masharti ya Kuijaribu Dawa

 

Miongoni mwa maswali yanayotufikia ni la mgonjwa wa kisukari aliyepewa dawa ya miti shamba, akaambiwa aache vidonge vya hospitali. Je, afanye hivyo? Kabla ya kujibu, tumeona tusimulie maisha ya tabibu ambaye jina lake hutajwa sana kwenye dawa hizo, ilhali masharti yake hayatajwi.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Abu Ali al-Husayn bin Abdillah bin Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria (980 Miladia) katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, ambayo leo imo Uzbekistan. Alihifadhi Qur-aan akiwa na miaka 10, kisha akasoma fiqhi, hesabu, mantiki na utabibu. Akiwa bado kijana aliitwa kumtibu Amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur. Akaomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya Amiri, akapewa.

Dola ya Wasamani ilipoanguka alihama mji hadi mji. Hamadan alikuwa waziri. Mchana akishughulika na kazi za serikali, usiku akisomesha na kuandika. Aliwahi pia kufungwa ngomeni miezi minne, na humo nako aliandika.

Masharti yake juu ya dawa

Kitabu chake cha Al-Qanun fi at-Tibb kina sehemu 5. Kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kikasomeshwa Ulaya kwa karne nyingi. Katika sehemu ya tatu, kwenye maradhi ya figo, ameyataja maradhi ya kiu na mkojo mwingi, ambayo Waarabu waliyaita dulab, yaani gurudumu la kuteka maji: yanayoingia hayakai, hutoka.

Katika sehemu ya pili ameweka masharti ya kuijua dawa kwa majaribio. Dawa iwe safi, haikuchanganyika na kitu kingine. Ijaribiwe kwa mwenye maradhi mamoja, si mengi yaliyopandana. Ijaribiwe katika maradhi yanayopingana. Nguvu yake ilingane na nguvu ya maradhi, na ianzwe kwa kiasi kidogo. Uangaliwe muda inaochukua kufanya kazi. Faida yake ionekane daima au mara nyingi, si kwa bahati ya mara moja. Na ijaribiwe kwa mwanadamu, kwani inayomfaa farasi au simba huenda isimfae mtu.

Njia ya namna hiyo ndiyo iliyotuletea metformini, kidonge wanachopewa wagonjwa wengi wa kisukari. Asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega. Kilichomo ndani yake kilionekana kushusha sukari, lakini kina sumu. Wataalamu wakatengeneza dawa ya jamii hiyo iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 tabibu Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Basi mwenye kuambiwa atupe kidonge ashike mti, ajue kuwa kidonge hicho nacho kimetokana na mti uliopimwa.

Kufariki kwake

Ibn Sina alipatwa na msokoto mkali wa tumbo. Mwanafunzi wake al-Juzjani amesimulia kuwa aliagiza mbegu za karafsi kiasi cha daniq 2, na tabibu aliyemhudumia akatia 5. Tumbo likazidi kuumia. Mtumishi naye akamzidishia afyuni. Inasimuliwa kuwa mwishoni alitubia, akatoa sadaka na kuwaacha huru watumwa wake. Alifariki Hamadan, Ramadhani ya mwaka 428 Hijria (1037 Miladia).

Maulamaa, akiwemo Imamu al-Ghazali, walimkosoa vikali katika falsafa yake, na sisi hatumfuati humo. Tunachukua elimu ya utabibu.

Mazingatio

Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa, na kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara yake. Kwa hiyo kutumia uwatu, mdalasini au muarobaini hakukatazwi. Uwatu umejaribiwa na ulionekana kupunguza sukari kiasi, lakini hauchukui nafasi ya dawa, na ukichanganywa na vidonge sukari yaweza kushuka mno.

Jawabu letu ni hili: mgonjwa asiache vidonge, wala sindano ya insulini, kwa kauli ya muuzaji. Amwambie daktari wake anachokunywa, na apime sukari. Kuulinda mwili ni amana, na aliyezidishiwa daniq 3 alikuwa tabibu mkubwa wa zama zake.

Wallahu A'lam.