Gandhi na Ghadhabu za Umma

Wahenga walinena kuwa wengi wape. Methali hii tumewafunza watoto wetu madarasani kwa miaka mingi, nao huiandika katika insha zao bila ya kusita. Hata hivyo, kila nisomapo habari za watu walioandamana kwa ajili ya sheria ya kuwazuia au kuwasajili wageni, hawa wakiipinga na wale wakiidai, mimi hujiuliza ni wengi gani hao wanaostahili kupewa, na wapewe nini. Katika kulitafakari swali hili sijaona maisha yanayofaa kusomwa kuliko ile miaka ambayo Mohandas Karamchand Gandhi aliishi Afrika Kusini.

Gandhi alizaliwa Porbandar, India, mwaka wa 1869, akasomea uwakili London. Mnamo 1893, akiwa kijana wa miaka 23, alisafiri kwenda kusaidia katika kesi ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi. Safari hiyo ilimpitisha Lamu, Mombasa na Unguja kabla ya kumfikisha Durban, katika koloni la Natal. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja tu, lakini hakuondoka kabisa hadi 1914.

Natal ilikuwa imeanza kuwaleta Wahindi kwa mikataba tangu 1860 ili wafanye kazi katika mashamba ya miwa. Walowezi walitaka jasho lao. Hawakutaka kuwaona wakifungua maduka, wakinunua ardhi au wakipiga kura. Mwishoni mwa 1896 Gandhi alipokuwa akirejea kutoka India pamoja na jamaa yake, meli mbili zilizobeba abiria wapatao 800 zilizuiliwa bandarini Durban kwa siku 23. Kisingizio kilikuwa tauni iliyokuwa imezuka Bombay, lakini mjini walowezi walikuwa wakifanya mikutano na kudai abiria hao warudishwe walikotoka. Abiria waliporuhusiwa kushuka mnamo Januari 13, 1897, Gandhi alizingirwa njiani, akarushiwa mawe na mayai, akapigwa ngumi na mateke. Aliokolewa na mke wa mkuu wa polisi, aliyefungua mwavuli wake na kusimama kati yake na wale washambuliaji. Alipotakiwa kuwashtaki waliompiga, Gandhi alikataa.

Mwaka huo huo bunge la Natal likapitisha sheria ya kuzuia wahamiaji. Sheria yenyewe haikuwataja Wahindi popote. Ilimtaka mgeni aweze kuandika maombi yake kwa lugha ya Ulaya, na kila mtu alifahamu imemlenga nani. Kwa hiyo waandamanaji walipewa walichokitaka. Lakini je, wao ndio waliokuwa wengi? Hasha! Waafrika wa Natal waliwazidi walowezi mara nyingi. Wale walioitwa umma walikuwa ni wachache wenye kura, na sauti yao ilisikika kwa sababu wengine walikuwa wamezibwa vinywa.

Miaka tisa baadaye mambo yaligeuka. Katika koloni jirani la Transvaal, serikali ilitangaza mswada uliomtaka kila Mwasia mwenye umri wa miaka minane na zaidi ajiandikishe, atoe alama za vidole, na aonyeshe cheti chake kila polisi atakapokidai. Msomaji aliyesikia habari za kipande walichovishwa baba zetu hapa Kenya katika miaka ya 1920 hahitaji kuelezwa uchungu wake. Mnamo Septemba 11, 1906, watu wapatao 3,000 walikusanyika katika jumba la michezo la Empire, Johannesburg, wakaapa mbele ya Mungu kwamba hawataitii sheria hiyo. Ilipopitishwa mwaka wa 1907, waliojiandikisha walikuwa mamia machache tu kati ya maelfu. Gandhi akafungwa gerezani mnamo Januari 1908.

Kabla ya mwezi kwisha alifikia mapatano na Jenerali Smuts: Wahindi wajiandikishe kwa hiari, nayo serikali iifute sheria. Ndipo umma ukamgeukia. Uvumi ulienea kwamba amehongwa, na siku alipokwenda kujiandikisha alivamiwa barabarani na watu wa jamii yake mwenyewe, wakiongozwa na Mir Alam, mtu ambaye Gandhi aliwahi kumhudumia kama wakili. Alipigwa hadi akazimia. Kwa mara nyingine alisihi washambuliaji wasishtakiwe, ingawa safari hii serikali haikumsikiliza.

Serikali haikuifuta sheria. Mnamo Agosti 16, 1908, watu walikusanyika katika uwanja wa Msikiti wa Hamidia, Johannesburg. Mjumbe aliwasili kwa baiskeli akiwa na jibu la serikali, nalo lilikuwa la kukataa. Vyeti zaidi ya 2,000 vikatiwa katika chungu kikubwa cha chuma, vikamiminiwa mafuta ya taa na kuteketezwa. Mir Alam alikuwapo, naye akampa Gandhi mkono wa upatanisho.

Naam, mtu mmoja alipigwa na umati wa aina mbili kwa ajili ya sheria za aina moja. Kwa maoni yangu, kelele na idadi ya watu havitoshi kutuonyesha ni nani mwenye haki. Tuulize gharama ya madai inamwangukia nani. Walowezi wa Durban walidai sheria ambayo mzigo wake ungebebwa na watu wengine. Wale wa Johannesburg waliikataa sheria na kuikubali adhabu yake juu ya vichwa vyao wenyewe: wakaenda jela, wakapoteza maduka yao, na wengine wakafukuzwa nchini. Mwaka wa 1913 wafanyakazi wa migodi ya makaa ya mawe, wake kwa waume, walivuka mpaka wa Natal na Transvaal kwa miguu wakijua watakamatwa. Sheria ya 1914 iliiondoa kodi ya pauni tatu na kuzitambua ndoa za Kihindi, ingawa vizuizi vya uhamiaji vilibakia.

Hata hivyo, nitakuwa nimewadanganya wanafunzi nikikomea hapo. Waafrika wa Transvaal walikuwa wakibeba pasi muda mrefu kabla ya Wahindi kutakiwa kubeba vyeti, na kiapo cha 1906 hakikuwahusu. Katika maandishi yake ya miaka ya mwanzo Gandhi aliwataja Waafrika kwa dharau, na mojawapo ya malalamiko yake lilikuwa kwamba Wahindi walihesabiwa daraja moja nao. Ndiyo maana wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Ghana waliipinga sanamu yake, ikaondolewa mnamo Desemba 2018. Wako wanaosema kwamba alibadilika baadaye, nami nakubali. Lakini mtu aliyeuhisi uchungu wa cheti mkononi mwake aliweza, kwa miaka mingi, asiuone uchungu wa pasi mkononi mwa jirani.

Walimu wenzangu, tunapoyafundisha maisha haya tusiwape wanafunzi malaika wala shetani. Tuwaombe wahesabu waliokuwamo katika ukumbi ule wa Johannesburg, kisha watuambie ni nani waliokuwa nje. Na siku watakaposikia umma ukishangilia au ukilaani sheria inayomhusu mgeni, iwe hapa kwetu au ng'ambo, waulize mambo mawili kabla ya kujiunga nao: mzigo wa sheria hiyo atautwika nani, na ni nani ambaye hakuitwa mkutanoni.