Toros Toramanian, Mpimaji wa Makanisa ya Armenia

Jina la Ararati lajulikana kwa kila msomaji wa Biblia, maana safina ya Nuhu ilitua katika milima yake. Kando ya mlima huo hukaa Waarmenia, ambao mfalme wao alibatizwa na Gregori mwanzoni mwa karne ya 4, kabla ya mataifa mengi ya Ulaya. Wakajenga makanisa ya mawe yenye kuba. Sisi tuliozoea kuona kanisa la miti likiliwa na mchwa tungedhani jiwe halifi. Kumbe nalo hufa. Vita, matetemeko ya nchi na kufukuzwa kwa watu viliyaacha makanisa mengi ukiwa, na mengine wachungaji wa kondoo wakayafanya mazizi.

Toros Toramanian alizaliwa mwaka wa 1864 huko Shabin-Karahisar, katika dola ya Waturuki. Alifiwa na wazazi angali mtoto. Baadaye akaenda Constantinople, akajifunza kazi ya kuchora ramani za majengo, akahitimu mwaka wa 1893. Waarmenia walipouawa kwa maelfu katika miaka ya 1894 hata 1896, aliondoka akaenda Bulgaria, akapata kazi ya kuchora nyumba za watu. Angaliweza kukaa huko kwa raha.

Lakini mwaka wa 1903 alifika Ani. Mji huu ulikuwa makao ya wafalme wa Armenia tangu mwaka wa 961, ukatekwa na Wamongoli mwaka wa 1236, ukapigwa na tetemeko mwaka wa 1319, hata mwisho ukabaki magofu juu ya genge la mto Akhurian. Mwenzake aliyekuja naye akarudi. Toramanian akabaki, ijapokuwa alikuwa maskini. Akapima ukuta kwa ukuta, nguzo kwa nguzo, akaandika yote katika karatasi.

Karibu na Ejmiatsin, makao makuu ya Kanisa la Waarmenia, palikuwa pakichimbuliwa kanisa la Zvartnots, lililojengwa na Katolikosi Nerse wa 3 katika karne ya 7, likaanguka zamani. Hapakuwa na kitu ila misingi na mawe yaliyotawanyika. Toramanian akayapima mawe yale, akachora kanisa la mviringo lenye ngazi tatu, moja juu ya nyingine, na kuba kileleni. Wataalamu wengi hawakumsadiki. Walisema watu wa zamani hawakuweza kujenga hivyo.

Hata mwaka wa 1906, Profesa Marr wa Urusi alipokuwa akichimbua huko Ani, ilifunuliwa misingi ya kanisa la Mfalme Gagik wa 1, lililojengwa karibu na mwaka wa 1000 kwa kuiga Zvartnots. Katika kifusi ikaonekana sanamu ya mfalme mwenyewe, ameshika mikononi mfano wa kanisa lake. Lilikuwa la mviringo, lenye ngazi! Wengi waliokuwa na shaka wakanyamaza, ingawa mafundi wengine wangali wakibishana juu ya umbo lake.

Mwaka wa 1911 alitoa kitabu juu ya Tekor, kanisa la karne ya 5. Katika miaka hiyohiyo tetemeko likaliangusha sehemu kubwa. Alikuwa amewahi kulipima.

Nadhani jambo lililomchoma zaidi halikuwa umaskini. Profesa Strzygowski wa Vienna alitumia picha na michoro yake katika kitabu kikubwa juu ya ujenzi wa Waarmenia, kilichotoka mwaka wa 1918. Sifa nyingi zikamwendea profesa. Vita Kuu vikaharibu mengi mengine: sanamu ya Gagik ikapotea. Mwaka wa 1921 mpaka ukawekwa katika mto Akhurian, na Ani, alikofanya kazi miaka mingi, ikabaki ng'ambo, upande wa Uturuki.

Yeye akaendelea kufanya kazi Yerevan katika kutunza majengo ya kale, akafa huko tarehe 1 Machi 1934. Maandiko yake yalikusanywa yakapigwa chapa huko Yerevan, kitabu cha kwanza mwaka wa 1942, cha pili mwaka wa 1948. Mwaka wa 1957 kanisa la Mwokozi la Ani likapasuka katikati, nusu yake ikaanguka. Nusu ya pili ingali imesimama.