Hezekiah Shanu, mfanya biashara wa Boma ambaye Leta ilimwangusha bila kumfunga

Kwa wachuuzi wa Kashuga, kule Masisi inapopakana na Walikale, kodi ni mambo ya kila siku ya soko. Kuna ile ya Leta, kuna ile ya vizuizi vya barabarani, na kuna jetoni, kile kikaratasi ambacho vikundi vya silaha vimewalipisha raia katika vijiji vingi vya Masisi, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoandika katika ripoti zao. Mwenye duka anajua kwamba anayeshika daftari la kodi anaweza kumwangusha mtu bila kumpiga risasi. Jambo hilo ni la zamani katika inchi ya Kongo. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita lilimpata mtu mmoja mbali sana na Kivu, huko Boma karibu na bahari, wakati Boma ilikuwa mji mkuu. Jina lake ni Hezekiah Andrew Shanu.

Shanu hakuwa Mkongomani. Alizaliwa mwaka wa 1858 huko Otta, katika inchi ambayo leo inaitwa Nigeria, akasoma Lagos, na akafika Kongo mwaka wa 1884. Leopold wa Pili, mfalme wa Wabeleji, alikuwa ndiyo anaanza kujijengea inchi yake mwenyewe huku. Shanu aliitumikia Leta hiyo kwa moyo wote. Aliwatafuta vijana wa Afrika ya Magharibi waje kuwa askari na wafanyakazi, na kisha akawa karani na mtafsiri katika ofisi ya gavana mkuu. Hilo lisifichwe: kwa miaka mingi alikuwa mtu wa Bula Matari.

Mwaka wa 1893 aliacha kazi ya Leta na kuingia katika biashara. Alifungua duka la vyakula vya mikebe na vitu vingine vya Ulaya, akaweka mafundi wa kushona, nyumba ya kufulia nguo, na hoteli ndogo Boma na Matadi. Alipiga pia picha, na zingine zilitoka katika gazeti la Le Congo Illustré. Mwaka wa 1894 alitembelea Ubeleji, akapokelewa vizuri, na mtoto wake aliwekwa shuleni kule. Askari walipoasi katika ngome ya Boma mwaka wa 1900, Shanu alisimama upande wa Leta, na wakubwa wakamsifu. Alipewa medali.

Lakini tuangalie wateja wake walikuwa nani. Walikuwa maofisa, makarani na wasafiri wazungu, karibu wote watu wa Leta. Utajiri wake ulikuwa umesimama juu ya mishahara ya serikali.

Wakati huo huo, ndani ya inchi, kodi ilikuwa inalipwa kwa mpira. Mwanakijiji hakuwa na feza, kwa hiyo alipaswa kuingia porini na kuleta utomvu. Aliyekosa kufikisha kipimo, mke wake alishikwa mpaka mpira ufike, ama kijiji kilichomwa. Sheria ya tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 1903 iliandika kwamba kila mtu angeitumikia Leta saa 40 kwa mwezi. Ilikuwa sheria nzuri kwenye karatasi. Porini watu waliendelea kupoteza sehemu kubwa ya mwezi wakitafuta mpira.

Mwaka huo wa 1903 konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alikuwa anachunguza mambo hayo. Shanu alimpa habari juu ya mateso ya wafanyakazi wa Afrika ya Magharibi, watu wa kwao. Kisha akaanza kuandikiana na E. D. Morel, mwandishi wa Uingereza aliyekuwa anapigana na utawala wa Leopold. Alimtumia feza ili apate maandishi yake, na Morel akamwomba habari kutoka Boma.

Habari kubwa ilikuwa kesi ya Charles Caudron. Huyo alikuwa mtu wa kampuni ya mpira, na mwaka wa 1904 alihukumiwa kwa mauaji ya watu zaidi ya mia moja. Leta ilitaka kuonyesha dunia kwamba inawaazibu wabaya. Lakini tribinali ya rufaa ilimpunguzia kifungo, na katika maelezo yake ilionekana wazi kwamba viongozi wa Leta wenyewe walijua na waliachilia. Shanu alipata karatasi za kesi hiyo, akazituma Uingereza, na Morel akazichapisha. Hapo Leta haikuweza tena kusema kwamba kosa lilikuwa la wakala mmoja mwenye roho mbaya.

Shanu alijulikana kwa sababu alimwamini mtu mbaya. Alitafuta habari zaidi kwa mkubwa wa polisi wa Boma, akifikiri ni rafiki, na siri ikatoka.

Kumfunga kungeleta matata, kwa kuwa mtu wa Lagos alikuwa raia wa Uingereza. Basi wakatumia njia nyingine. Medali ilirudishwa. Wafanyakazi wote wa Leta walikatazwa kununua kwake, kulala katika hoteli zake, ao kumpelekea nguo. Hakuna jaji aliyeketi, na hakuna kosa lililoandikwa. Duka lilibaki wazi, vitu vilibaki kwenye mbao, na hakuna aliyeingia. Mwenye biashara yoyote anaweza kuhesabu mwenyewe inachukua miezi mingapi mpaka madeni yamshinde.

Mwezi wa saba 1905 Shanu alijiua. Miezi minne baadaye ripoti ya Tume ya Uchunguzi, ambayo Leopold mwenyewe alikuwa ameituma Kongo, ilitangazwa, na ikakubali kwamba kodi ya mpira ilikuwa mzigo wa kuua watu. Mwaka wa 1908 Ubeleji ilichukua Kongo mikononi mwa mfalme. Mwaka wa 1910 iliweka kodi ya kichwa, ya kulipwa kwa feza, na hiyo ndiyo iliyopanda mpaka milima ya Masisi.