Maisha ya Sista Irene Stefani, Aliyeitwa Nyaatha

Labda msomaji atauliza kwa nini katika kitabu cha yubile yetu tumetia habari za sista ambaye hakufundisha Tosamaganga wala hakupanda milima ya Mbeya. Jibu lake ni fupi. Wamisionari wa Consolata walipozipokea misioni za Iringa mwaka 1919, baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa kwa sababu ya vita, masista waliowafuata na kuwafundisha bibi zetu kusoma na kushona walikuwa dada zake wa shirika moja. Tena, kabla ya hao kufika huku, yeye alikwisha kuikanyaga nchi yetu huko pwani, akiwauguza wapagazi.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 huko Anfo, kijiji cha milimani upande wa Brescia katika Italia. Nyumbani aliitwa Mercede, naye alikuwa mtoto wa tano katika watoto kumi na wawili. Mama yake alifariki mwaka 1907, na msichana huyu akawa kama mama kwa wadogo zake. Mwaka 1911 alikwenda Torino, akaingia katika shirika la masista ambalo Padre Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha mwaka mmoja tu uliotangulia. Akaweka nadhiri Januari 1914, akapewa jina la Irene, na mwisho wa mwaka ule akapanda meli. Januari 1915 alishuka Mombasa, akapelekwa Nyeri katika nchi ya Wakikuyu.

Vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Wazee wetu waliijua vizuri habari ya upagazi, maana majeshi ya pande zote mbili yalipita Tukuyu na Iringa mwaka 1916, na kila jeshi lilitaka watu wa kubeba mizigo. Katika wapagazi wa Waingereza peke yao yakadiriwa walikufa watu 95,000 na zaidi, wengi wao si kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa, vichomi na njaa. Kaburi la mpagazi halikuandikwa jina.

Katika hospitali za watu hao ndimo Sista Irene alimofanya kazi, kwanza Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Wagonjwa walilala kwa mamia, makabila yamechanganyika, na harufu ya vidonda ilikuwa kali mno. Yeye aliwaosha, akawafunga vidonda, akawalisha wasioweza kuinua mkono, na jioni akawafundisha dini wale waliotaka. Husimuliwa kwamba huko Kilwa alimfundisha mgonjwa mmoja ili abatizwe. Siku moja akakikuta kitanda chake ni kitupu. Aliambiwa amekwisha kufa, naye amechukuliwa pamoja na maiti wengine hata pwani. Sista hakurudi kulala. Alikwenda ufukweni, giza likiingia, akapita katikati ya wafu, akiwageuza mmoja mmoja, hata akamwona yule mtu, naye alikuwa bado apumua. Akamrudisha hospitalini, akambatiza. Baadaye yule mtu alikufa, lakini alikufa kitandani, na aliyemjua jina alikuwa karibu naye.

Vita vilipokwisha alirudi Nyeri, na tangu mwaka 1920 alikaa Gikondi miaka kumi. Asubuhi alifundisha shuleni. Baada ya masomo alishika njia za vilima, huku akiwaita watoto waliokosa shule na kuwaangalia wagonjwa na wanawake waliojifungua. Kazi nyingine yake yanipendeza hasa, nami nadhani walimu wataielewa. Vijana wengi walikuwa wamekwenda Nairobi na Mombasa kutafuta mshahara, na wazazi wao hawakujua kuandika. Basi Sista Irene aliwaandikia barua, akawasomea majibu yalipokuja, hata mama kule kijijini akapata kujua kama mwanawe yu mzima. Watu wakamwita Nyaatha, maana yake kwa Kikikuyu mama wa huruma.

Walakini si wote waliompenda. Mwalimu mmoja wa Gikondi alitamani nafasi yake shuleni, akamfanyia uadui. Sisi tulio katika kazi hii hatuhitaji kuelezwa jambo hilo lilivyo. Kijicho cha walimu hakikuanza jana.

Septemba 1930, wakati wa mafungo huko Nyeri, Sista Irene aliomba ruhusa ya mkubwa wake ili autoe uhai wake kwa Mungu kwa ajili ya misioni. Mwezi uliofuata tauni iliingia Gikondi. Watu waliziogopa nyumba za wagonjwa, hata jamaa walikimbia. Yule mwalimu akashikwa na ugonjwa. Sista akaenda kwake, akamhudumia hata akafa, naye mwenyewe akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, umri wake miaka 39.

Makatekista wanayo sababu ya pekee ya kumkumbuka. Januari 1989, wakati wa vita vya Msumbiji, watu wapatao 270, wengi wao makatekista na jamaa zao, walizingirwa kanisani Nipepe. Hawakuwa na maji ila yale machache yaliyokuwamo katika birika la ubatizo. Walimwomba Sista Irene awaombee, na maji yakawatosha siku zote za shida ile, hata kwa kumwosha mtoto mchanga aliyezaliwa mle ndani, wakamwita Irene. Kanisa lililichunguza jambo hilo, na mwaka 2014 Papa Fransisko alilikubali kuwa muujiza.

Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri. Aliyeongoza ibada kwa niaba ya Papa ni Kardinali Polycarp Pengo, ambaye wakati huo alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, mji ule ule ambamo zamani za vita Sista Irene aliwafunga vidonda wapagazi.