Padre Labat, Mdominiko Ambaye Jina Lake Liko Kwenye Chupa

Katika kisiwa kidogo cha Marie-Galante, huko Karibi, hutengenezwa ramu yenye jina la padre: Père Labat, yaani Padre Labat. Ni kali, ipo inayofika asilimia 59 ya kilevi. Frateri akisikia habari hii kwanza hucheka, kisha huuliza ni padre gani huyo. Tumeona vema tumjibu, ingawa si maisha ya kuchekea tu.

Jean-Baptiste Labat alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1663. Akiwa kijana alijiunga na Shirika la Wahubiri, yaani Wadominiko, na baada ya upadrisho alifundisha falsafa na hesabu mjini Nancy. Siku moja ilifika barua kutoka visiwa vya Karibi: ugonjwa umewaua wamisionari wengi, waliobaki hawatoshi. Labat akaomba atumwe. Mwishoni mwa Januari 1694 alishuka Martinique, akapewa parokia ya Macouba, kaskazini mwa kisiwa.

Alikuwa mtu wa mikono. Alijenga, alipima mashamba, alichora mitambo. Na Waingereza walipoishambulia Guadeloupe mwaka 1703, padre huyu alikuwa kwenye mizinga pamoja na askari. Lakini kazi iliyomtangaza ni ya Fonds Saint-Jacques, shamba la miwa la Wadominiko ambalo mapato yake yaliitunza misioni. Alilisimamia, akarekebisha vinu na majiko ya kuchemshia sukari, hata watu wakaja kujifunza kwake.

Wengi husema yeye ndiye aliyevumbua ramu. Si kweli. Barbados ilikenekwa miaka mingi kabla Labat hajafika Karibi, na Labat mwenyewe alikitembelea kisiwa hicho mwaka 1700. Alichofanya yeye ni kuitengeneza kazi vizuri zaidi na kuiandika hatua kwa hatua. Povu lililoenguliwa kwenye sukari inayochemka na shira iliyobaki vilichanganywa na maji, vikaachwa vichachuke siku kadhaa, kisha vikakenekwa katika mtambo wa shaba. (Anayejua gongo inavyopikwa hahitaji maelezo zaidi.) Kinywaji kiliitwa tafia au guildive. Kilikuwa rahisi na kikali, na kwa sehemu kubwa kilinywewa na watumwa na maskini. Matajiri waliagiza mvinyo na brandi kutoka Ufaransa.

Kwa hiyo Labat hangeitambua ramu inayouzwa leo kwa jina lake. Barbados na Jamaika bado hutumia molasi, yaani ile shira ya mwisho. Visiwa vya Kifaransa vilibadilika katika karne ya 19, sukari ya kiazisukari ilipoiangusha bei ya sukari ya miwa: wakaanza kukeneka maji ya muwa mabichi, bila kutoa sukari kwanza. Ndiyo maana ramu yao hunukia majani, na tangu 1996 ile ya Martinique inalindwa na sheria inayotaja hata maeneo ya kulimia miwa.

Tukiishia hapo tungekuwa tumeandika tangazo la biashara. Fonds Saint-Jacques lilifanyiwa kazi na watumwa, Waafrika na wazao wao, na Labat aliwanunua kwa ajili ya shirika lake. Sheria ya mfalme ya mwaka 1685 iliwakataza mabwana kuwapa watumwa guildive badala ya chakula; katazo kama hilo haliandikwi pasipo watu wanaofanya hivyo. Labat mwenyewe anasimulia katika kitabu chake kwamba aliamuru mtumwa aliyemdhania mchawi achapwe viboko kama 300, kisha vidonda vyake vikapakwa pilipili na ndimu. Anaeleza bila kujuta. Mtu huyo alikuwa ameitwa kumtazama mgonjwa. Na aliyeamuru viboko ndiye aliyekuwa akiadhimisha Misa mahali hapo.

Tunayaandika haya kwa uchungu, maana ni padre wetu. Wapo wanaosema alikuwa mtu wa wakati wake. Sisi tunaona kwamba hata yule aliyechapwa alikuwa mtu wa wakati huo huo.

Mwaka 1705 Labat alirudi Ulaya kwa shughuli za shirika, na ingawa alitamani kurejea Martinique, hakurejea tena. Mwaka 1722 alichapisha kitabu cha safari zake, juzuu sita, ambacho wanahistoria wa ramu na wa utumwa wanakisoma hadi leo. Alifariki Paris Januari 1738. Utumwa katika makoloni ya Ufaransa ulikomeshwa mwaka 1848.

Martinique walimkumbuka kwa namna yao. Kwa vizazi vingi mama aliyetaka mtoto wake atulie usiku alimwambia kwamba Padre Labat anakuja kumchukua. Na mwanga ulioonekana ukitembea milimani gizani, watu walisema ni taa yake: bado anatangatanga, hajapata pa kupumzika.