Seremala wa Billund

Wasomaji wengi mmepata kuviona vile vipande vya plastiki viitwavyo Lego, ambavyo mtoto huvipachika mpaka vikawa nyumba au gari. Wachache wanajua ya kuwa asili yake ni karakana ya seremala wa mbao. Mimi nipendaye kazi ya randa na msumeno nimeona vema niwasimulie habari za mtu huyo.

Ole Kirk Christiansen alizaliwa Denmark mwaka 1891, katika nyumba maskini yenye watoto wengi. Alifundishwa useremala na kaka yake, kisha akaenda kufanya kazi Ujerumani na Norway, na huko Norway akapata mchumba. Mwaka 1916 walioana, naye akanunua karakana katika kijiji cha Billund. Wakajaliwa wana wanne.

Moto ulimwandama sana mtu huyu. Mwaka 1924 wawili kati ya wanawe, katika kucheza, waliwasha maranda. Karakana ikateketea pamoja na nyumba. Akajenga tena, kubwa kuliko ya kwanza. Lakini mwaka 1932 ulikuwa mchungu zaidi. Biashara ilianguka duniani kote, wakulima wakakosa fedha za kujenga, ikambidi awaachishe mafundi wake. Mwaka huohuo mkewe akafariki, akabaki na watoto wanne wa kulea. Ndipo alipoanza kuchonga vitu vya kuchezea watoto. Kusema kweli, mimi ningalidhani ni wazimu, kwani nani hununua gari la mbao wakati wa dhiki?

Mwanawe wa tatu, Godtfred, alianza kumsaidia angali mdogo. Siku moja alipeleka stesheni makasha ya bata wa mbao, akarudi kwa furaha kumweleza baba kwamba ameokoa fedha: bata wale amewapaka vanishi mara mbili badala ya tatu. Baba hakufurahi hata kidogo. Alimwamuru awarudishe bata wote, awapake mara ya tatu, awafunge upya na kuwapeleka tena, na kazi hiyo aifanye peke yake hata ikimchukua usiku kucha. Wenzangu bwenini wasema mzee alikuwa mkali mno. Sikubaliani nao. Bata wale walikuwa wakienda kwa watoto wa watu wengine, naye hakutaka wapate kitu pungufu. Godtfred naye hakumwekea baba kinyongo. Baadaye alichonga ubaoni usemi wa baba yake juu ya kazi bora, akautundika karakanani.

Ole Kirk alioa tena, akapata binti. Mwaka 1942 karakana iliungua pamoja na michoro yake. Alikaribia kukata tamaa, lakini akawafikiria wafanyakazi wake, akajenga. Baada ya vita alinunua mashine ya plastiki.

Tarehe 28 Januari 1958 Godtfred aliomba hataza ya kipande cha Lego kama tukijuavyo leo. Mzee alifariki tarehe 11 Machi mwaka huohuo, mwenye miaka 66. Nyumba aliyoijenga baada ya moto wa 1924 ingali imesimama Billund, na sanamu za simba wawili mbele ya mlango.